Mkono wa Kulia wa Dereva Diao

Ulikuwa mwaka wa Jogoo. Hapana, ngoja nijisahihishe: ulikuwa mwaka wa Mbwa, maana mwaka wa Jogoo mke wangu alikuwa bado hai, na mtu mwenye mke nyumbani hapandi mabasi kutwa nzima bila safari. Tena kuna ule mkanda mwekundu wa Diao. Diao Wenkui alizaliwa mwaka wa Mbwa, na mwaka wa mtu ukimrudia, kila baada ya wanyama kumi na wawili, mikosi humwandama kama nzi wanavyoandama bucha, ndiyo maana huvaa kitu chekundu mwilini mpaka mwaka upite. Mkanda ule niliuona kwa macho yangu. Basi ni mwaka wa Mbwa, mwanzo wa majira ya baridi, wiki ile mabomba ya kupasha nyumba joto yalipofunguliwa mjini. Hapo sasa sikosei.

Hapa mjini Shitan watu wakimtaja Diao hugawanyika. Kuna wanaosema alikuwa dereva hodari aliyeonewa na mashine, na kuna wanaosema alikuwa mwenye kichwa kigumu tu. Mimi nilikaa kiti cha mbele, upande wa mlango, karibu kila siku majira yale yote, na ninachosema ni kwamba alikuwa mtu asiyejua kukaa.

Tambi alizila akiwa amesimama, bakuli mkononi, akizunguka ua, na mkewe Yulian akimfuata nyuma na kichupa cha siki. Akija kucheza karata kwa jirani, alicheza raundi mbili akaondoka, akarudi, akaondoka tena. Kitu kimoja tu ndicho kilichomtuliza, nacho ni basi la dizeli, yale ya zamani yenye injini mbele, pembeni mwa dereva, ikiwa imefunikwa kwa kipande cha mfarishi. Injini ile ilimtikisa kuanzia nyayo mpaka fizi.

"Mzee Kou," aliniambia siku moja, "mimi nina mtetemeko wangu mwilini. Injini ikitetemeka, tunatoshana nguvu. Ndipo ninapopumzika."

Nilicheka, lakini nilimwelewa. Mimi pia tangu nifiwe sikuweza kukaa katika chumba kimoja na saa ya ukutani. Nilikuwa na kadi yangu ya wazee, ile ya kupanda bure, na kila nilipoigusisha kwenye mashine, mashine ilipiga kelele "Kadi ya wazee!" na vijana wakageuza nyuso dirishani wasije wakanipisha kiti. Nilipanda namba tisa kwa sababu ndiyo ndefu kuliko zote. Inaanzia yadi ya mabasi, inapita stesheni ya treni, inapita Soko la Kuku, kisha inapanda mlima wote mpaka Makazi ya Mgodi wa Pili, ambako mgodi wenyewe umefungwa zamani lakini watu wamebaki.

Na namba tisa ilikuwa ya Diao. Hakuna aliyempa kwa maandishi, ila kila mtu alijua. Mteremko ule wa kutoka Mgodi wa Pili ni mrefu, una kona zake, na Diao aliushuka kwa namna ambayo hakuna mwingine aliyeiweza. Akifika kwenye mti wa mlozi pale juu, mkono wake wa kulia ulitoa gia, akaweka fri, na basi likaanza kuteleza lenyewe. Aligusa breki mahali palepale pa kugusa, akaiachia mahali palepale pa kuachia, na kutoka juu mpaka kwenye geti la kiwanda cha matofali injini haikuomba hata tone. Kwa sababu hiyo madereva walimwita Tone la Mafuta. Aliwahi kuwa bingwa wa kuokoa mafuta wa kampuni nzima, mwaka baada ya mwaka, na zawadi yake, kikombe kikubwa cha bati chenye maandishi mekundu, ilikaa kwenye dashibodi ikiwa na chai yake.

Basi ndipo yakaja mabasi ya umeme.

Yalikuja yote kwa mara moja, meupe na kijani, yamefungwa maua ya karatasi usoni kama bibi harusi. Miji mikubwa ilikuwa nayo zamani, sasa zamu ilikuwa ya miji kama wetu, isiyo mikubwa wala midogo. Yadini zikasimikwa nguzo za chaji, na madereva wakakalishwa darasani. Aliyewafundisha alikuwa Shui Lanfang.

Huyu Lanfang lazima nimweleze. Alianza kazi akiwa kondakta kwenye basi la Diao, msichana wa mkoba wa tiketi na sauti kama filimbi. Makondakta walipoondolewa, yeye akataka kuendesha, na wanaume wakamcheka. Diao ndiye aliyemfundisha. Alimpandisha ule mlima na kumshusha mpaka akaweza. Tangu siku hiyo alimwita Fundi, na kwetu neno hilo si la mchezo: aliyekufundisha kazi ni kama baba, hata ukija kuwa mkubwa wake, kikombe chake cha chai unakijaza wewe. Kumkosoa mbele ya watu ni sawa na kumvua kofia ukaitupa matopeni.

Kwa hiyo darasani Lanfang alisimama mbele ya fundi wake, akawa anamwangalia kila mtu isipokuwa yeye. Alieleza kwamba mlimani basi la umeme linakula betri, lakini kwenye mteremko, ukiacha gia mahali pake na kuinua mguu tu, magurudumu yanazungusha mota na umeme unarudi kwenye betri.

Diao akaangua kicheko. "Yaani basi linajipikia chakula likishuka?"

"Ndivyo, Fundi."

"Basi njia yote tuijenge iwe ya kushuka tu! Tukishuka mpaka baharini tutakuwa tumeshiba."

Darasa zima likacheka, na Lanfang akacheka nao, akageuza ukurasa. Lile somo likapita hivyo.

Kulikuwa na sharti moja, nalo kampuni ililibandika ukutani. Dereva ambaye basi lake litaishiwa chaji njiani mara tatu kabla ya Mwaka Mpya, anashuka kwenye usukani na kuhamishiwa getini, akae kibandani, afungue na kufunga. Mshahara haupungui sana. Wengine walisema, ah, kazi ya getini nzuri, una jiko lako la makaa, una redio. Diao aliposoma tangazo lile aligeuka rangi.

Baba yake alikuwa mchimba mgodi. Jiwe lilimvunja nyonga, wakamweka kwenye geti la Mgodi wa Pili, juu ya kigoda, akawafungulia wenzake asubuhi na kuwafungia jioni mpaka alipokufa. Diao akiwa mdogo ndiye aliyempelekea uji wa mawele. "Watu wanasema baba alikufa kwa nyonga," aliniambia. "Uongo. Alikufa kwa kile kigoda."

Sasa sikiliza mambo yalivyokwenda.

Jambo la kwanza lililomtesa si betri. Ni ukimya. Miaka yote ile hakuwahi kusikia abiria wanasema nini, injini ilikuwa inawameza. Sasa alisikia kila kitu. Alisikia wake wakiwasengenya wakwe zao, alisikia mtu akitafuna mbegu za alizeti kiti cha mwisho, alisikia tumbo la abiria likinguruma. Na alisikia walivyomsema yeye. Usukani haukumtikisa. Miguu yake ikaanza kuchezacheza yenyewe, vidole vikapigapiga ukingo wa dirisha, shingo ikawa inageuka huku na huku kama ya kuku aliyeona kivuli cha mwewe.

La pili lilikuwa ile namba. Mbele yake kwenye dashibodi kulikuwa na asilimia ya chaji, na ilikuwa inashuka. Mshale wa mafuta ulikuwa mvivu, unaweza kuusahau. Hii ilikuwa ni namba, na namba haifichi. Themanini. Sitini na tano. Akipanda mlima ilishuka mbiombio, na akishuka mlima kwa ule utelezi wake wa kifahari, gia ikiwa fri, ilibaki ileile. Yeye aliona ameshinda: tazama, sikutumia hata punje.

Lakini wenzake waliokuwa wakishuka na gia walifika yadini na akiba. Yeye, siku ya kwanza ya baridi kali, basi lake lilizimika kwenye daraja la reli, yadi ikionekana kwa macho. Gari la kuvuta likaja. Madereva wakatoka nje na bakuli zao kutazama.

"Tone la Mafuta!" akaita mmoja, Meng, mwenye mdomo. "Leo umeokoa mpaka ukaokoa na mwendo!"

Usiku ule Yulian alitoa mkanda mwekundu sandukuni. "Ni mwaka wako huu," akamwambia. "Ungeuvaa tangu mwanzo, hayo yasingekupata." Na Diao, ambaye hakuwahi kuamini hata utabiri wa hali ya hewa, akauvaa.

Akatafuta na dawa nyingine: akazima hita. Hita inakula betri sana, kila dereva alilijua hilo. Ikawa namba tisa ni kama sanduku la kuwekea nyama. Abiria walipumua moshi. Mimi nilivaa suruali tatu.

Aliyekasirika zaidi alikuwa Bibi Xing, mwanamke wa Makazi ya Mgodi wa Pili, mfupi, mpana, anayeshuka mjini kila asubuhi na kabichi za kuuza na kupanda mchana na habari za kusambaza.

"Wewe Diao! Washa hita!"

"Imeharibika, Bibi."

"Imeharibika wapi? Jana kwenye lile la nyuma ilikuwa inafanya kazi!"

"Ile ni ya lile la nyuma."

"Haya," akasema. Kesho yake akapanda na mfarishi wake wa kitandani, ule wa maua makubwa, akajifunika mpaka puani katikati ya basi. Kila aliyeingia akamuuliza, Bibi Xing, unaumwa? Naye akajibu kwa sauti ya kufika mbele: "Siumwi! Nimekuja kulala kwenye jokofu la Bwana Diao, nisije nikaoza!"

Basi zima likavunjika mbavu. Masikio ya Diao yakawa mekundu kuliko mkanda wake.

Na hata kwa baridi ile yote, hita ikiwa imezimwa, siku upepo wa kaskazini ulipovuma basi likazimika tena, palepale darajani. Mara ya pili. Bado moja.

Nilimtembelea jioni ile. Alikuwa anazunguka ua wake gizani kama punda wa kinu. Yulian alikuwa amesimama mlangoni na siki mkononi, bakuli la tambi limepoa juu ya kizingiti.

"Mkanda anao?" nikamnong'oneza.

"Anao. Na soksi nyekundu pia. Na chupi." Akaguna. "Mzee Kou, nimebakiza kumpaka rangi tu."

Diao akasimama ghafla mbele yangu. "Kile kibanda," akasema, "umeona kigoda kilichomo? Nimekwenda kukitazama. Kina miguu mitatu. Cha baba kilikuwa na miguu mitatu vilevile." Kisha akaendelea kuzunguka.

Lanfang alijua ni kitu gani kinachomaliza chaji ya Diao. Alijua tangu mara ya kwanza. Akanunua matofaa, akaenda nyumbani kwa Diao amweleze faraghani, na haya aliniambia mwenyewe baadaye. Diao alimkaribisha, akamjazia chai, akamwuliza mtoto anasoma vipi. Kila alipofungua mdomo kusema, Diao akamjazia tena chai. Alikunywa chai mpaka akaona aibu kuomba choo, akaondoka na neno lake tumboni pamoja na ile chai. Mtu anayekujazia kikombe hivyo anakuambia usimfundishe gia.

Asubuhi yake akapanda namba tisa kama abiria. Akaja akaketi pembeni yangu, karibu kabisa na Diao, akatoa mbegu za alizeti, akanigawia. Tukapanda mlima. Tukageuza. Tulipofika kwenye mti wa mlozi, nilimwona anautazama ule mkono wa kulia. Mkono ukaenda. Sijui kama Diao alijua kuwa umeenda. Ulibonyeza kitufe cha fri kama mtu anavyojikuna akiwa usingizini, na basi likaanza kuteleza, kimya kabisa, uzuri wake sisemi.

Lanfang akatema ganda la mbegu kwenye kiganja. Akasema, si kwa sauti kubwa, ila katika basi lile hata sauti ndogo ilitosha:

"Mzee Kou, nimewahi kukusimulia habari za mwenye punda wa kijijini kwa mama yangu?"

"Hujanisimulia, mwanangu."

"Kulikuwa na mtu ana punda. Kila siku anampandisha mlimani na mizigo. Na mtu mwenyewe ni mwema, fundi wa kazi yake, kijiji kizima kilijifunza kwake kufunga mizigo. Sasa wakianza kushuka, anamwonea punda huruma. Anaachia kamba. Nenda, mwanangu, kimbia! Punda anakimbia mpaka chini, mbio moja, raha tupu. Watu wanapiga makofi."

"Ehe."

"Sasa kule mteremkoni ndiko kulikokuwa na majani, Mzee Kou. Punda akishikwa kamba, akishuka taratibu, anakula huku anashuka. Kidogo hapa, kidogo pale. Akifika chini ana nguvu ya kesho. Lakini huyu anaachiwa, anapita majani yote mbio, anafika chini na tumbo tupu. Mwenyewe anashangaa: mbona punda wangu anaanguka darajani?"

Nilimtazama Diao mgongoni. Vidole vyake vilikuwa vimeacha kupigapiga.

"Na watu hawakumwambia?" nikauliza.

"Nani amwambie? Ndiye aliyewafundisha wote."

Wakati huo Bibi Xing alikuwa amejiinua kutoka kwenye mfarishi wake. "Punda anaanguka kwa njaa na majani yapo?" akapaza sauti. "Huyo mtu mjinga!"

"Si mjinga, Bibi," Lanfang akasema haraka. "Ni mazoea."

"Mazoea gani? Mjinga! Mimi marehemu mume wangu alikuwa na punda, hata siku moja hakumwachia kamba mlimani!"

Mzee mmoja wa nyuma akasema kamba haina maana, punda anapewa chakula zizini. Mwingine akasema huyo punda alikuwa na minyoo. Mama mwenye mtoto akasema labda mwenye punda alikuwa mlevi. Basi zima likaingia katika kesi ya punda, na karibu wote walikubaliana kwamba mwenyewe ni mpumbavu wa kupigiwa mfano. Lanfang alikuwa amefunika uso kwa viganja. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Lakini hawakusema wajinga wakikaa wengi karibu na fumbo, mwerevu anapigwa nalo mawe.

Kwa dizeli ile ya zamani Diao asingesikia hata neno. Sasa alisikia yote, mpaka minyoo.

Yadini alishuka, akazunguka basi kama kawaida yake, akasimama mbele ya Lanfang. Nilidhani atamtukana.

"Punda wa kijijini kwenu," akasema, "majira ya baridi anakula majani gani? Si yamekauka yote?"

"Hata makavu ni majani, Fundi."

Diao akapiga gurudumu teke moja. Akaenda zake.

Kesho yake mkanda mwekundu haukuwa kiunoni. Yulian alikuwa ameukata usiku, akaushona ukawa kifuniko kidogo, kinafunika kile kitufe cha fri na kuacha vingine wazi. Nami niliona. Mkono ulikwenda vilevile, kila kona, haukuwa umesikia habari ya punda. Ulikwenda, ukagusa kitambaa, ukashtuka kama uliogusa bega la mtu gizani, ukarudi kwenye usukani. Ukaenda tena. Ukashtuka tena. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. Kumzuia mtu mwingine ni kazi, lakini kuuzuia mkono wako mwenyewe, mlima mzima, ukienda na kurudi, ni kazi nyingine kabisa.

Bibi Xing alifurahi alipoona kitambaa. "Ndiyo! Umeweka nyekundu kwenye basi lenyewe! Mkosi ulikuwa wa basi, si wako."

Ikabaki wiki ya mwisho kabla ya Mwaka Mpya. Theluji ikaanguka tangu alfajiri, na namba tisa ilijaa watu wa Makazi wakipanda na vitu vyao vya sherehe: nyama, fataki, viazi, mtungi wa siki mkubwa kama mtoto. Diao alipopanda kwenye usukani, Bibi Xing alikuwa tayari ameketi. Siku hiyo hakuwa na mfarishi. Alikuwa na mjukuu mgongoni, mchanga, amekuja kusalimiwa na ukoo.

Diao akamtazama kwenye kioo. Akatazama namba. Akatazama theluji. Vidole vikapigapiga.

Akawasha hita.

"Mungu mkubwa," akasema Bibi Xing, "imepona."

Mlimani namba ilimiminika kama maji kwenye kapu. Kila kona aliitazama. Nami niliitazama, ingawa haikuwa kazi yangu, na naamini kiti cha mbele chote kiliitazama. Tulipofika juu, watu wakateremka na mizigo yao, Bibi Xing akiwa wa mwisho. Namba ilikuwa imebaki kumi na tisa, na ile mara ya pili alipozimika alianza kushuka akiwa na zaidi ya hapo.

"Subiri hapa," nikamwambia. "Ita gari la kuvuta mapema, useme barabara mbaya."

"Gari likija, ni mara ya tatu," akasema. "Likija mapema, likija baadaye." Akanywa chai kwenye kile kikombe cha bati. "Mzee Kou, teremka kama unataka. Utapanda la nyuma."

"Niteremke niende wapi?"

Tukaanza kushuka. Pale kwenye mlozi mkono ukaenda, ukagusa kitambaa, ukarudi. Akainua mguu. Basi likajishikilia lenyewe, likawa zito, kama punda aliyeinamisha kichwa. Alichukia mwendo ule, niliona kwenye taya yake. Ulikuwa mwendo wa mtoto anayevutwa shuleni. Kona ya kwanza. Kona ya makaburi. Namba imekaa kumi na tisa haisogei. Mkono ukaenda, ukarudi.

Halafu ikawa ishirini.

Aliinama akaitazama kwa karibu kana kwamba kuna mtu aliyeichora. Kona ya kisima, ishirini na moja. Hapo akaanza kucheka, kicheko cha pumzi tu, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka, naye hakuweza kuyafuta kwa sababu mkono wa kulia hakuuamini na wa kushoto ulikuwa na kazi.

"Majani makavu," akasema. "Mzee Kou, anakula majani makavu!"

Tulivuka daraja la reli. Tukaingia yadini. Meng alikuwa nje na bakuli lake, akangoja neno la kusema akalikosa, akala.

Basi kigoda kile cha miguu mitatu alikikalia mtu mwingine. Diao akabaki kwenye namba tisa, na bado yuko, na chaji yake haitolewi mfano wala hailaumiwi, ni ya kawaida tu. Bibi Xing mpaka leo anawaambia watu kwamba basi la Diao liliponywa na kitambaa chekundu. Sijambishia, maana kwa namna fulani ni kweli.

Ningependa kusema alitulia baada ya hapo. Hakutulia. Kituo cha mwisho alizunguka basi lake mara tatu, mara nne, akipiga magurudumu yasiyohitaji kupigwa. Kile kilichomtuliza, ile injini ya dizeli, kilikuwa kimeondoka, na hakuna aliyemletea kingine. Niliwahi kuona mkono wake wa kulia, akiwa amesimama tu kwenye foleni ya maandazi ya mvuke, ukitoa gia hewani.

Mwaka wa Nguruwe ulipoingia, Yulian aliondoa kitambaa. Mwaka wa Mbwa umepita, nyekundu haina kazi tena, kuiacha ni kualika mikosi ya bure. Diao hakumkataza.

Ikafika majira ya kufagia makaburi ya wazee waliotangulia. Mlozi pale juu ulikuwa umechanua. Mchana ule watu wote wa Makazi walikuwa makaburini, na kwenye namba tisa tulikuwa mimi na yeye tu, hewa ikiwa vuguvugu, barabara kavu. Tukafika kwenye mlozi. Mkono ukaenda. Hakukuwa na kitambaa.

Basi likateleza. Bila injini, bila watu, bila sauti yoyote isipokuwa magurudumu na upepo dirishani. Aligusa breki palepale pa kugusa, akaachia palepale pa kuachia. Kona ya makaburi, watu walikuwa wamesimama na uvumba, wakatutazama tukipita kama kivuli. Namba ilikaa palepale, haikupanda wala kushuka. Na Diao, mara ya kwanza tangu mabasi yale yaje, alikuwa ametulia. Miguu imetulia. Shingo imetulia. Kwenye geti la kiwanda cha matofali akarudisha gia, tukaenda zetu mjini.

Yadini Lanfang alikuwa amesimama kwenye nguzo ya chaji. Alilitazama basi, akaitazama namba, akamtazama fundi wake, kisha akapasua mbegu ya alizeti na kunigawia kiganja kizima. Hakuuliza kitu, ila mimi niliuliza. Nilimwuliza Diao siku ileile akiwa anafuta kioo, na nikamwuliza tena vuli, na mara nyingine akiwa amelewa kidogo kwenye harusi ya mpwa wake, na kila mara alichukua kikombe chake cha bati akaenda kulizunguka basi, au meza, au ua:

Diao, siku ile kwenye mlozi, ni mkono uliojisahau, au ni wewe uliyeuachia kamba?